Bloku Iliyolowekwa kwa Gongo

Siku mliyoniaga, wenzangu wa maabara, mliniomba niseme neno. Nikasimama, nikaona pilau inapoa na mgeni rasmi anaangalia saa, nikasema asanteni, nikakaa. Mlinipigia makofi kuliko ambavyo mngenipigia ningehutubia. Sasa nipo nyumbani Guta, kuku wameshazoea kuniona mchana, na muda ninao. Vyeo sitavitaja kwa sababu havikuwa vingi, na mshahara mnaujua wenyewe. Nitawasimulia kazi, na hasa bloku moja, ile iliyo kwenye kopo la maziwa ya unga, kabati la chini, ambayo kila anayekuja na ufagio mpya huuliza kwa nini haitupwi.

Niliingia chumba cha nyama, ndivyo tulivyokiita, katika maabara ya hospitali pale Musoma, nikiwa binti mwembamba, cheti kipya mkononi na viatu vya kuazima miguuni. Nilidhani nitapewa hadubini. Mzee Shabani, mkuu wa chumba, alinipa kisu. Alikuwa mtu wa mjini, Mwislamu wa swala tano, na kofia yake ya kufuma haikutoka kichwani hata alipovaa koti la maabara. Kisu chenyewe kilikuwa kizito, cha kufungwa kwenye mashine ya kukatia. Siku zangu zote za mwanzo nilinoa. Jiwe, mafuta, mkanda wa ngozi, halafu jiwe tena. Alipokuja kukagua alipitisha makali juu ya mkono wake, na kama vinyweleo havikudondoka alinirudishia.

"Mzee, nitakata lini?" nilimuuliza siku moja, hasira zimenipanda.

"Kisu kikiwa butu, mwanangu, daktari atasoma makosa yetu badala ya ugonjwa wa mtu. Noa."

Nikanoa. Kwa yeyote atakayesoma haya bila kuijua kazi yetu, nieleze kidogo. Mgonjwa akikatwa kipande cha uvimbe, kipande hicho hutiwa kwenye dawa ili kisioze, kikaondolewa maji, kikajazwa nta mpaka kiwe kigumu kama kipande kidogo cha sabuni. Hiyo ndiyo bloku. Kisha bloku hukatwa vipande vyembamba ambavyo ukivipulizia vinaruka, vikapakwa rangi na kulazwa kwenye kioo, daktari akavitazama kwa hadubini na kusema ugonjwa ni upi na ni mkali kiasi gani. Maisha ya mtu hupita kwenye kipande ambacho ukipiga chafya humpati tena. Mzee Shabani alikataza pilipili chumbani kwa sababu hiyo.

Halafu ikaja ile miaka ambayo kila kitu kiliitwa hakuna. Sabuni hakuna, sukari hakuna, betri hakuna. Mtu akiona mstari dukani alijiunga kwanza, ndipo akauliza kinauzwa nini. Nasi tulikuwa na hakuna yetu, nayo ni fomalini, ile dawa ya kuhifadhia nyama. Kwa joto letu la ziwani kipande kikikaa bila dawa kinaanza kuharibika kabla ya chakula cha mchana. Mzee Shabani aliandika maombi, akajibiwa avute subira. Yeye akavuta, nyama hazikuvuta.

Spiriti kali nayo huhifadhi nyama, hilo lilikuwa vitabuni tangu zamani, lakini spiriti ya dukani ilikuwa hakuna vilevile. Kitu kimoja tu katika mkoa wetu hakikuwahi kuitwa hakuna, nacho ni gongo. Polisi waliikamata kila mara, hasa ile iliyopikwa Buhemba kwa ajili ya wachimba dhahabu, na hakimu akaamuru imwagwe. Basi mganga mkuu wetu akaenda kumwomba hakimu kwamba badala ya kumwagwa mtaroni, imwagwe maabara. Hakimu alicheka mpaka akavua miwani, akakubali.

Tangu hapo gari la polisi likawa linasimama mlangoni kwetu, na askari mmoja mwenye kifua anapaza sauti ili benchi zima la wagonjwa lisikie.

"Mzee Shabani! Mzigo wako wa Buhemba huu! Leo ni kali, usimalize peke yako!"

Wagonjwa walimtazama, wakaitazama na kofia yake. Mzee alipokea dumu kwa mikono miwili, uso mkavu, akashukuru. Tuliipika upya kwenye mtungi wetu wa kukenekea maji, tukaonja nguvu yake kwa kibiriti na si kwa ulimi: ikiwaka moto wa buluu na sahani ikabaki kavu, ilifaa. Koti lake lilinuka kilabu. Siku moja mkewe, Bi Mwajuma, aliingia maabara bila hodi.

"Baba Hawa, siku hizi unanukaga nini?"

"Kazi."

"Kazi gani inanukaga hivyo?"

Mzee alimwonyesha chupa moja rafuni. Ndani ya gongo lilikuwa limelala tezi la shingo la mtu wa watu. Bi Mwajuma aliondoka, lakini kwa nilivyosikia aliendelea kumnunia nyumbani.

Nta nayo ikafuata njia ya fomalini. Mtu mmoja wa ofisini, simtaji, alishauri tuyeyushe bloku za wagonjwa wa zamani tupate nta ya wagonjwa wapya. Mzee Shabani alifunga kabati, akaweka ufunguo chini ya kofia yake, akaivaa.

"Hao ni watu, bwana. Wamekuja kuuliza, na si wote wameshajibiwa."

Akaenda parokiani kuomba vipande vya mishumaa. Padri alimpa mfuko mzima, tukachanganya na nta ya nyuki, tukachuja kwa kitambaa cha kanga. Hebu mwoneni mzee wa watu akikatiza mji wa Musoma, dumu la gongo mkono mmoja, mishumaa ya altareni mkono wa pili, anawahi adhuhuri.

Katikati ya miaka hiyo ndipo alipoletwa Nyangeta. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kule Kisorya, penye kivuko cha kwenda Ukerewe, msichana mrefu aliyeposwa tayari. Alianguka kifafa mbele ya darasa, chaki mkononi, akaanguka tena kanisani, na watu wakaanza kusema yao. Baba yake, Mzee Mafuru, mvuvi na mkulima asiyependa maneno mengi, hakuwasikiliza. Alimleta Musoma. Picha ya eksirei ya kichwa ilionyesha madoa meupe mbele upande wa kulia, kama vumbi la chaki. Ilikuwa bahati yake kwamba msimu ule tulikuwa na daktari mgeni, bingwa wa kupasua vichwa, aliyekuja kwetu kwa muda. Alifungua, akakuta uvimbe karibu na juu, akautoa kadiri alivyoweza. Kipande kilitufikia kwenye chupa ya jemu iliyojaa gongo ya Buhemba.

Wakati huo nilikuwa nimeruhusiwa kukata, na ile bloku niliikata mimi. Kisu kilipoigusa kililia, krr, krr, na makali niliyoyanoa asubuhi yakapata mapengo. Niliita Mzee Shabani. Akagusa bloku kwa kidole, akatikisa kichwa.

"Mchanga. Hawa wa Buhemba hawachuji."

Chumba kizima tulikubaliana naye, maana kama ni kuwasema wapika gongo wa Buhemba tulikuwa tayari siku zote. Slaidi, vile vioo vyenye vipande, zikaenda hospitali kubwa kwa daktari wa kusoma, na Mzee akaambatanisha maneno ya kuomba radhi kwa ajili ya mchanga.

Jibu lilirudi baya. Uvimbe wa ubongo wenyewe, wa daraja la juu, unaokua haraka. Daktari wa wodi alimweleza Mzee Mafuru kwenye benchi iliyokuwa nje ya dirisha letu, nami nilisikia kila neno. Alimwambia binti ana mwaka, pengine usifike. Mzee Mafuru aliuliza kitu kimoja tu.

"Ataumia?"

"Tutampa dawa za kutuliza."

Akainuka, akavaa kofia yake ya majani, akashuka mjini. Alichokwenda kufanya nilikuja kuambiwa na Nyangeta mwenyewe baadaye. Saruji siku zile ilitoka kwa kibali, na hata mwenye kibali aliikosa. Mzee Mafuru alikuwa na shemeji yake ghalani, na siku hiyo saruji ilikuwepo. Mnajua akili ya miaka ile: kitu kikionekana kinachukuliwa, uwe unakihitaji leo au mwakani. Alichukua mifuko ya kutosha kusakafia kaburi, akaipakia kwenye lori lilelile lililomrudisha binti yake nyumbani. Lori halikuwa na viti. Nyangeta, kichwa kimefungwa bendeji, alikalia mifuko ile njia nzima, kutoka Musoma kupita Bunda mpaka Kisorya, na alijua ni ya nini, kwa sababu mama yake alikuwa analia akimwambia mumewe analeta uchuro.

"Si uchuro," Mzee Mafuru alijibu. "Mi sitaki mwanangu alazwe kwenye udongo mtupu kisa saruji hakuna."

Nilipoisikia habari hiyo mara ya kwanza nilimchukia yule mzee. Nilichelewa kuelewa kwamba alikuwa amempenda binti yake kwa njia pekee iliyokuwa ikipatikana madukani siku ile. Ng'ombe wa mahari nao aliwarudisha, akisema si haki kumwoza mtoto wa watu maiti. Mchumba aliwapokea ng'ombe wake bila ubishi mkubwa, na mimi huyo sijambadilishia mawazo mpaka leo.

Mwaka ukapita. Asubuhi moja nilisikia mtu anagonga kidirisha chetu kwa ukucha. Ni Nyangeta, kitambaa kichwani, daftari za wanafunzi kwapani, amekuja kuchukua vidonge vya kifafa.

"Dada wa nyama, shikamoo. Bado nipo."

Moyo wangu ulirudi mahali pake, na hapo ndipo nilipojua kwamba ulikuwa umetoka. Alikuja tena baada ya miezi, na mwaka uliofuata, na mwingine. Kila mara alisema hivyo hivyo, bado nipo, nami kila mara nilishusha pumzi. Tukawa marafiki. Akija Musoma alilala kwangu na kuniletea furu, wale samaki wadogo wa ziwani, wa kukausha. Alirudi kufundisha, alicheka, aliimba kwaya. Ila kuna kitu alichokuwa amekiacha kabisa. Hakununua kitanda, hakuanza kujenga, hakumsikiliza mwanaume yeyote zaidi ya salamu. Nilimuuliza siku moja shambani analima nini.

"Napandaga mchicha tu, dada."

"Hata maboga hupandi?"

"Maboga ni mbali."

Aliisema kama anayeeleza hali ya hewa. Karatasi ya majibu ilikuwa imesema ilichosema, na hakuna aliyejua kwa nini yeye bado anatembea. Madaktari waliomwona walisema Mungu mkubwa, jambo ambalo ni kweli lakini halikumsaidia kupanda maboga.

"Na saruji ya baba?" niliuliza.

"Imeshikaga yenyewe ndani ya mifuko. Unyevu wa ziwa. Imekuwa mawe, mama anaanikaga dagaa juu yake."

Tulicheka mpaka jirani akachungulia.

Kisha zikaja zama za ruksa. Nguo za mitumba zikajaa sokoni Bunda, sabuni za kunukia zikapangwa mpaka barazani, na fomalini ikaja kwa madumu meupe yenye maandishi ya kigeni. Gari la polisi likaacha kusimama mlangoni, na nadhani yule askari alitukumbuka kuliko tulivyomkumbuka. Mzee Shabani alistaafu. Siku ya mwisho alivua kofia mbele yetu, mara ya kwanza kukiona kichwa chake, akatoa ufunguo wa kabati akanipa ukiwa bado una joto.

Vijana wapya walipoona bloku za enzi za gongo walicheka. Zilikuwa za njano, zimekunjamana, zina harufu ya kanisa. Walitaka kuzitupa wapate nafasi ya majalada. Nilipiga kelele siku ile hadi wodi ya wazazi wakasikia. Panya walizipenda kwa sababu ya nta ya nyuki, nikazihamishia kwenye makopo ya maziwa ya unga yenye vifuniko vya bati, na huko ndiko ziliko.

Ndipo kifafa cha Nyangeta kikarudi, kikali kuliko mwanzo, na mguu wake wa kushoto ukaanza kuburuzika. Walimu wenzake walimchangia, akapigwa picha ya kompyuta ya kichwa Nairobi. Uvimbe ulikuwa umeota tena palepale. Iliyobaki ni Dar es Salaam, mionzi na dawa kali, miezi mingi. Mzee Mafuru, sasa amezeeka, alisema atauza ng'ombe wote. Nyangeta akagoma. Alikaa kitandani kwangu, kitambaa mkononi, lile kovu lake limeangalia juu.

"Karatasi ilisema ni ule mbaya, dada. Ule mbaya ukirudi hauna dawa. Nikienda Dar, baba anabaki na zizi tupu na maiti. Sitaki. Nimeshaishi sana kwa mtu aliyekufa."

Sikulala vizuri siku hizo. Hiyo ndiyo ilikuwa kesi nzima: kama karatasi ilikuwa sahihi, basi yeye alikuwa na haki ya kukataa, na mimi nilipaswa kunyamaza. Kama haikuwa sahihi, alikuwa anajizika mwenyewe.

Kwa bahati wakati huo tulikuwa tukitembelewa na Daktari Kemirembe, mama mmoja wa kutoka Bukoba, msomaji wa slaidi, aliyekuwa ametoka masomoni ng'ambo. Alikuwa mcheshi, anatembea na karanga mfukoni. Nilimpa habari ya Nyangeta, nikamtolea slaidi ya zamani. Aliitazama muda mrefu, karanga zimesimama mdomoni.

"Haya madoa nani alisema ni mchanga?"

"Sote, daktari."

"Mchanga ungekaa juu juu. Hii ni chokaa, imeota ndani ya uvimbe wenyewe. Lakini chembe zimebana sana, zimekauka. Mlihifadhi kwa kitu gani?"

Hapo nilikohoa. "Gongo."

"Gongo ipi?"

"Ya Buhemba, daktari."

Alicheka mpaka akashika meza. Alipotulia alinieleza, nami nawaeleza ninyi kama nilivyoelewa. Kuna aina ya uvimbe wa ubongo unaokua taratibu, ambao chembe zake huonekana kama yai la kukaanga, kiini katikati na weupe kukizunguka. Ule weupe hauko kwa mtu aliye hai. Unatokea wakati kipande kinaposhughulikiwa kwa fomalini. Spiriti hukaza chembe, weupe hautokei, na uvimbe wa taratibu unaweza kuvaa sura ya ule mkali.

"Aliyesoma mwanzo hakukosea," alisema. "Ningekuwa mimi, mwaka ule, ningeandika hivyo hivyo. Sura imetudanganya. Tukaulize jeni."

Ndani ya kila chembe, alisema, mna nyuzi za urithi zinazoitwa kromosomu, zimepewa namba. Katika uvimbe wa aina ile ya taratibu, mara nyingi kipande cha kromosomu ya kwanza na kipande cha ile ya kumi na tisa huwa vimepotea. Wenzake ng'ambo walikuwa wameanza kuona kwamba wagonjwa ambao uvimbe wao umepoteza vyote viwili huishi muda mrefu zaidi, na uvimbe huo husikia dawa na mionzi. Ambao haujapoteza, huo una kichwa kigumu. Lilikuwa jambo jipya hata huko. Aliyemfundisha angekubali kupima, kama bloku bado ipo.

Nilifungua kopo. Ilikuwepo, ya njano, panya hawajaigusa, namba yake imekwaruzwa ubavuni kwa mwandiko wa Mzee Shabani. Nilinoa kisu mwenyewe ingawa siku hizo tulikuwa na visu vya kutumia na kutupa. Nilipokata kililia tena, krr, krr, na safari hii niliifurahia sauti ile. Nyangeta alitoa na damu, ili jeni zake mwenyewe zilinganishwe na za uvimbe. Nilimwomba asikatae Dar mpaka jibu lije.

"Nimesubiri kufa miaka yote hii," alisema, "nitashindwa kusubiri jibu?"

Daktari Kemirembe alifungasha vyote kwenda navyo ng'ambo, pamoja na bloku nyingine za ubongo za miaka ileile kutoka hospitali kubwa, zilizohifadhiwa kwa fomalini hafifu iliyokuwa ikipatikana. Mimi nilibaki na hofu moja. Niliogopa kwamba gongo, iliyomharibia sura, itakuwa imemharibia na jeni.

Baada ya miezi daktari alirudi bila kupiga simu. Niliona anashuka kwenye basi la Mwanza, vumbi mpaka kope, anavuka uwanja wa hospitali mbio mbio kama si daktari. Alisimama mlangoni akasema neno moja.

"Hakuna!"

Nilikaa chini. Nililijua neno lile. Nilikuwa nimeishi nalo miaka mingi, na halikuwahi kuniletea kitu.

"Hakuna nini, daktari?"

"Ya kwanza hakuna, ya kumi na tisa hakuna! Vipande vyote viwili vimepotea! Mbona umekaa? Inuka, ndicho tulichokitaka!" Alinishika mabega akanitikisa. "Na sikia: zile bloku za fomalini nyingi zimegoma. Jeni zimekatikakatika, hazisomeki. Yenu ndiyo iliyosomeka safi kuliko zote. Spiriti inakunja sura lakini jeni inazitunza. Gongo yenu hiyo!"

Nililia, sioni haya kusema. Nililia kwenye koti la maabara lililopigwa pasi, kisha nikacheka, kisha nikaenda moja kwa moja kwa Mzee Shabani. Alikuwa barazani kwake, redio sikioni. Nilimweleza yote. Aliweka kofia yake vizuri.

"Alhamdulillahi. Kwa hiyo haikuwa mchanga."

"Haikuwa, mzee."

"Basi wale wa Buhemba tuliwasingizia."

Bi Mwajuma alikuwa amesimama mlangoni na upawa. "Na mi nilimnuniaga bure," alisema, akarudi jikoni, na kutoka huko tulisikia anacheka peke yake.

Kisorya tulikwenda na gari la hospitali, mimi na daktari. Nyangeta alikuwa uani anachambua dagaa, amekaa juu ya mojawapo ya yale mawe ya saruji, alama za mshono wa mfuko bado zinaonekana ubavuni. Mzee Mafuru alikuwa jirani anashona wavu. Daktari alisema polepole, bila kuficha. Hakusema umepona. Alisema uvimbe huu ni ule wa taratibu, umekuwa ule wa taratibu tangu siku ya kwanza, na unasikia dawa.

Nyangeta aliangalia dagaa wake.

"Kwa hiyo ningepandaga maboga?"

"Ungepanda hata michungwa," nilimjibu.

Kwanza alikasirika. Alitupa ungo, dagaa wakatawanyika, kuku wakaona sikukuu. Alisema miaka yote hiyo, miaka yote hiyo mchicha! Halafu akaanza kucheka, na kulia, na mama yake akatoka ndani akidhani ni kifafa. Mzee Mafuru aliacha wavu, akaweka kiganja juu ya jiwe la saruji alipokuwa amekaa binti yake, akakiacha pale. Kisha akaenda zizini kuchagua ng'ombe wa kuuza, anatembea haraka kuliko nilivyowahi kumwona.

Dar alikaa muda mrefu. Nywele zilidondoka, zikaota tena, nyeupe kidogo. Picha iliyofuata ilionyesha uvimbe umesinyaa. Aliporudi alinigongea kidirisha kwa ukucha, lakini hakusema bado nipo. Aliuliza miche ya michungwa inauzwa wapi.

Ninyi sasa mna mashine ambazo hatukuziota, na mnaagiza vipimo vya jeni kwa simu. Nafurahi, na ninawaonea wivu kidogo. Lakini lile kopo liacheni. Watu waliomo humo waliuliza, na si wote wameshajibiwa.

Mzee Mafuru alifariki mwaka jana, amekula chumvi nyingi. Nilikwenda Kisorya nikamkuta Nyangeta, mwalimu mkuu mstaafu, anarudi kutoka Bunda na pikapu. Alikuwa amekwenda mwenyewe kununua saruji. Duka la kwanza tu aliikuta imepangwa mpaka dari, hakuna aliyemuuliza kibali, na alibonyeza kila mfuko kwa kidole kabla ya kuupokea.

"Bado unga, dada. Gusa."

Nikagusa. Ilikuwa laini. Waombolezaji walikuwa wamekaa chini ya michungwa yake, wengine juu ya yale mawe ya zamani, bila kujua wanakalia nini. Nyangeta aliwatazama, akawatazama na wachimba kaburi.

"Baba aliwahi tu," alisema. "Alininunuliaga mimi, kumbe anayetakiwa kununua ni mimi."

Nilimshika mkono, na tukalia pamoja, kwa huzuni ya mzee na kwa shukrani kwamba ni mtoto anayemzika baba yake. Kisha wachimbaji wakaomba maji ya kuchanganyia saruji, tukachukua ndoo tukashuka ziwani.